Draya ya Kwanza Nyumbani: Fanya Hesabu Hii Kabla Hujaweka PIN

Ikifika Juni, maswali yanayohusu nguo huanza kutufikia. Watu wa Limuru, Nyeri, Nyahururu na hata sisi wa Nairobi tunajua hii hadithi. Unafua Jumamosi, unaanika, jua linachungulia dakika kumi halafu linaenda zake. Jumatatu asubuhi sweta ya mtoto bado ina maji kwenye mikono, na ile taulo imeanza kunuka uvundo. Ukianika ndani, ukuta unatoa jasho na baadaye unaota ukungu. Ukianika nje kwa ploti, unaanua nguo tano kati ya saba.

Kwa hivyo hatushangai tukiona wateja wetu wengi wanauliza kuhusu draya, yaani mashine ya kukausha nguo. Zamani ilikuwa kitu cha hoteli na hospitali. Siku hizi unaipata kwenye maduka makubwa ya vifaa vya nyumbani, kwenye kurasa za wauzaji wa mitandaoni na kwa wale wanaouza mitumba ya vifaa kutoka Uingereza. Tatizo ni kwamba ni kifaa cha bei, kinakula stima, na ukikosea kukichagua hutajua siku ya kukinunua. Utajua mwezi wa pili, tokeni zikianza kuisha kabla ya katikati ya mwezi.

Sisi kazi yetu ni pesa zako, si kuuza draya. Hatupati chochote ukinunua na hatupotezi chochote ukiacha. Ndiyo maana tumeamua kukuandalia mwongozo huu: aina za draya, stima yake, usalama wake, na jinsi ya kulipa bila kutapeliwa.

Kwanza, je, hiyo "draya" ni draya kweli?

Huu ndio mtego wa kwanza, na unanasa watu wengi. Ukitafuta mitandaoni utaona tangazo: mashine ya kufua na kukausha, bei ya kutupa. Ukiangalia picha vizuri, ni ile mashine ya mapipa mawili ambayo wauzaji huita twin tub. Pipa moja linafua, lingine linazungusha nguo kwa kasi ili maji yatoke. Hilo la pili ni spina. Halina joto. Nguo zinatoka zikiwa zimekamuka vizuri sana, lakini bado ni mbichi na lazima zianikwe.

Spina si kitu kibaya, na tutairudia hapo mbele. Lakini kama ulilipa ukitarajia kuvaa shati moja kwa moja kutoka kwa mashine, utahisi umeibiwa hata kama muuzaji hakudanganya kwa makusudi. Swali la kumuuliza ni moja tu: "Hii mashine inakausha kwa joto, ama inazungusha tu?" Akianza kuzunguka na maneno, umeshapata jibu.

Kuna pia mashine moja inayofua na kukausha kwa joto ndani ya pipa lilelile. Hii ni halali na inaokoa nafasi. Ila soma namba mbili kwenye boksi, kwa sababu uwezo wa kukausha huwa mdogo kuliko wa kufua. Mashine inaweza kufua kilo 8 na kukausha kilo 5 pekee. Maana yake ukifua ikiwa imejaa, itabidi utoe zaidi ya theluthi moja ya nguo kabla ya kukausha. Na nyingi za aina hii hutumia maji baridi kupoza mvuke wakati wa kukausha. Kama mtaa wenu maji huja mara mbili kwa wiki, hilo ni jambo la kufikiria.

Aina tatu za draya zenyewe

Ya kwanza ni ya bomba. Kwenye boksi utaona limeandikwa "vented". Inavuta hewa ya chumba, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, kisha inatupa hewa yenye unyevu nje kupitia bomba nene. Kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Shida ni hilo bomba: lazima litoke nje kupitia dirisha au tundu ukutani. Kwa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akikataa kutoboa ukuta, imekwisha. Ukiliacha bomba ndani ya nyumba, maji yote ya nguo yanaishia kwenye ukuta na dari, na ukungu ule uliokuwa unaukimbia unaukuta umekungoja.

Ya pili ni ya kondensa. Haina bomba. Mvuke unapozwa ndani ya mashine, unageuka maji, na maji yanaingia kwenye tangi dogo unalomwaga baada ya kila mzigo. Hayo maji si ya kunywa, lakini kupigia deki yanafaa sana. Inapasha chumba joto kidogo, jambo ambalo mwezi wa Julai hutalalamika. Kwa stima, inakula sawa na ya bomba au zaidi kidogo.

Ya tatu ni ya pampu ya joto, na kwenye boksi huandikwa "heat pump". Hii inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: badala ya kutupa joto, inalikusanya na kulitumia tena na tena. Kwa hivyo inatumia takriban nusu ya stima ya kondensa, au hata chini ya hapo. Bei yake dukani iko juu, na inachukua muda mrefu zaidi. Mzigo uliojaa unaweza kuchukua saa mbili hadi tatu. Joto lake ni la chini, hivyo nguo hazichakai haraka. Jambo la kukumbuka: kwa kuwa ina mfumo kama wa friji, isafirishwe ikiwa imesimama, iachwe itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa kama mwongozo wake unavyosema, na siku ikiharibika utahitaji fundi anayejua friji.

Tuongee stima, maana hapo ndipo pesa huenda

Usiangalie bei ya dukani pekee. Draya unainunua mara moja, lakini stima yake unainunua kila wiki.

Kwanza jua bei yako halisi ya uniti moja. Fungua SMS ya mwisho ya tokeni. Chukua pesa ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako, pamoja na kodi na makato yote. Kama unatumia mita ndogo ya mwenye nyumba, fanya vivyo hivyo, kwa sababu bei yake inaweza kuwa tofauti kabisa na ya Kenya Power. Kwa mfano wetu tutatumia shilingi 30 kwa uniti. Wewe weka yako.

Draya ya kondensa ya kilo 8, ikijazwa nguo za pamba, hula karibu uniti 4.5 kwa mzigo. Ya pampu ya joto ya ukubwa huohuo hula karibu uniti 2. Tuseme familia inakausha mizigo mitatu kwa wiki, ambayo ni kama 13 kwa mwezi.

Kondensa: mizigo 13 mara uniti 4.5 ni uniti 58.5. Mara shilingi 30, ni shilingi 1,755 kwa mwezi.

Pampu ya joto: mizigo 13 mara uniti 2 ni uniti 26. Mara shilingi 30, ni shilingi 780 kwa mwezi.

Tofauti ni shilingi 975 kwa mwezi, au 11,700 kwa mwaka. Sasa tuseme ile ya pampu ya joto inauzwa shilingi 35,000 zaidi. Ukikausha hivyo mwaka mzima, itajilipa kwa karibu miaka mitatu. Hapo ina maana kununua ya bei.

Lakini subiri. Kama wewe unaishi mahali ambapo jua ni la uhakika na draya ni ya miezi minne tu ya baridi na mvua, unaokoa shilingi 3,900 kwa mwaka. Kurudisha zile 35,000 kutachukua karibu miaka tisa. Hapo ile ya bei ya chini inaweza kuwa uamuzi wa busara zaidi, hata kama muuzaji anakuambia ya gharama ndiyo "inaokoa". Inaokoa kwa anayeitumia sana.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, wateja wa stima wa nyumbani wako kwenye makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaotumia kati ya 31 na 100, na wanaozidisha 100. Kila kundi lina bei yake, na ya juu ni ghali zaidi. Kundi lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Chukua nyumba inayotumia uniti 60. Ikiongeza kondensa ya mfano wetu inafika karibu 118, imevuka mstari wa 100. Ikiongeza ya pampu ya joto inafika 86, imebaki palepale. Kwa hivyo draya haiongezi tu idadi ya uniti. Inaweza kupandisha bei ya uniti zote, pamoja na za friji na taa. Angalia SMS zako za miezi mitatu iliyopita ujue uko wapi kabla hujaongeza chochote.

Na ukisoma lebo ya matumizi ya stima kwenye draya kutoka Ulaya, kuwa makini na herufi. Lebo ya zamani ilienda hadi A+++. Lebo mpya, iliyoanza kutumika huko Julai 2025, inatoka A hadi G bila alama za kujumlisha. Usilinganishe herufi za lebo mbili tofauti. Mashine nzuri kabisa ya lebo mpya inaweza kuonekana "imeshindwa" na ya A+ ya zamani, kumbe ni kinyume. Linganisha uniti kwa mzigo.

Labda unachohitaji ni spina

Hapa tunarudi kwa ile spina. Kukausha nguo ni kuondoa maji, na kuna njia mbili: kuyarusha nje kwa kasi au kuyageuza mvuke kwa joto. Ya kwanza ni rahisi mno kwa stima. Ya pili ni ghali, kwa sababu kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kama uniti 0.63 hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea.

Chukua kilo 5 za nguo za pamba. Mashine inayozungusha mizunguko 800 kwa dakika inaziacha na karibu lita 3.5 za maji. Inayozungusha 1,400 inaziacha na karibu lita 2.5. Hiyo lita moja imetoka kwa dakika chache na kwa stima kidogo sana. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono, hata na mtu mwenye nguvu, hubaki na maji mengi zaidi.

Kwa hivyo kabla ya kununua draya, jiulize: mashine yangu ya kufua inazungusha kwa kasi gani, na je, huwa naiweka kwenye kasi hiyo? Kwa mtu anayeishi peke yake kwenye bedsita, au wawili wasio na mtoto mdogo, spina nzuri, kianikio cha kukunja na dirisha lililo wazi vinaweza kutosha kabisa, hata Julai. Hizo pesa zingine zikae kwenye akiba.

Draya yenyewe inaanza kuwa na maana pale kuna mtoto mchanga na nepi za kitambaa, mgonjwa anayehitaji mashuka safi kila siku, watoto watatu wa shule wenye sweta moja moja, ama biashara ndogo kama saluni au Airbnb ambapo taulo lazima ziwe kavu kabla mgeni wa pili hajaingia. Na hata ukiinunua, spina inabaki rafiki yako: nguo zikiingia kwenye draya zikiwa zimekamuka vizuri, unalipa kidogo.

Na mama fua je?

Wengi wetu nguo zetu zinafuliwa na mama fua. Hili tunalitaja kwa sababu ni riziki ya mtu. Draya haifui. Kazi yake bado ipo, tena siku za mvua anaweza kuja bila ninyi wawili kukaa mkiangalia mawingu. Ila kama yeye ndiye atakayeiwasha, mfundishe kwanza, hasa yale ya usalama yanayofuata. Na malipo yake yasishuke eti kwa sababu "mashine imesaidia". Mikono iliyofua ni ileile.

Usalama: hapa hakuna mchezo

Draya ni joto, hewa na nyuzi za nguo ndani ya boksi moja. Manyoya yanayotoka kwenye nguo hukusanyika kwenye chujio, na manyoya hayo yanashika moto haraka sana. Safisha chujio kila baada ya mzigo. Si kila wiki, kila mzigo. Inachukua nusu dakika.

Usikaushe nguo zenye mafuta ya kupikia, petroli, mafuta ya taa au mafuta ya gari, hata kama zimefuliwa. Aproni ya kibanda cha chipsi na ovaroli ya fundi wa magari ziende kwenye kamba. Vitu vyenye sponji au mpira pia visiingie.

Usiiunganishe kwa ekstensheni. Draya ya bomba au kondensa hutumia wati 2,000 hadi 2,800 hivi. Soketi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13, ambayo kwa volti 240 ni kama wati 3,120. Maana yake draya peke yake inakaribia ukingo. Ukiweka na birika au pasi kwenye ekstensheni moja, waya itayeyuka. Usiiwashe pia wakati mtu anaoga kwa instant shower. Kwa nyumba ya zamani, mlipe fundi wa stima aliyesajiliwa na EPRA aangalie waya na soketi kwanza. Pesa hizo ziweke kwenye bajeti ya draya tangu mwanzo.

Stima ikipotea katikati ya mzigo, usiache nguo humo ndani hadi irudi. Dakika za mwisho za draya ni za kupoza nguo. Zikikatizwa, nguo zinabaki za moto zimerundikana, na joto linaweza kuendelea kupanda ndani ya rundo. Fungua mlango, zitoe, zitawanye. Na usiwashe draya ukaenda kazini au ukalala.

Kuhusu mitumba ya Uingereza, kuna historia ya kujua. Agosti 2016, jengo la ghorofa 18 la Shepherd's Court, London, lilishika moto, na wazimamoto wa London walisema chanzo kilikuwa draya yenye hitilafu. Mwaka wa 2015 kampuni ya Whirlpool ilikuwa imetoa tahadhari kuhusu draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zikiwemo za majina ya Hotpoint, Indesit na Creda. Ilipofika 2019 ikaziita zirudishwe zile ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Hatusemi kila draya ya mitumba ni mbaya. Tunasema hivi: kabla ya kulipia ya mitumba, piga picha ya kibandiko chenye modeli na namba ya mashine, kiko kwa kawaida ndani ya mlango, kisha itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona kama ina onyo. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, ondoka.

Kwa mashine mpya, tafuta stika ya KEBS, na hakikisha waranti inasema nani atatengeneza na wapi. Waranti ya miaka miwili ambayo fundi wake yuko Nairobi haimsaidii sana mtu wa Lodwar.

Pima kabla ya kulipa

Draya za kawaida zina upana wa sentimita 60 hivi na urefu wa 85. Pima mahali itakapokaa, pima mlango, pima na kona ya ngazi. Uzito wake unaweza kufika kilo 50, na kama unaishi ghorofa ya tano bila lifti, gharama ya vijana wa kubeba ni yako. Uliza kama usafiri unaishia getini au ndani ya nyumba.

Angalia pia nguo zenyewe. Kwenye lebo ya nguo, mraba wenye duara ndani unamaanisha inakubali draya. Nukta moja ni joto la chini, nukta mbili ni joto la kawaida, alama ya X ni hapana. Ukikuta nusu ya kabati lako ni X, basi umepata sababu nzuri ya kubaki na kamba.

Sasa malipo

Tuseme draya uliyochagua ni shilingi 80,000 taslimu. Duka pia linakupa lipa pole pole: deposit 20,000, kisha 2,000 kila wiki kwa wiki 40. Inasikika rahisi. Piga hesabu: 20,000 na 80,000 ni 100,000. Unalipa shilingi 20,000 zaidi ili uipate leo.

Kama hizo 20,000 za deposit unazo tayari, ukiziweka kwenye akiba yenye lengo na kuongeza 2,000 kila wiki, unafika 80,000 kwa wiki 30. Kwa hivyo swali la kweli ni hili: je, kusubiri wiki 30 kunakugharimu zaidi ya shilingi 20,000? Kwa mtu mwenye saluni anayepoteza wateja kwa sababu ya taulo mbichi, huenda ndiyo. Kwa nyumba ya kawaida, mara nyingi hapana. Ukianza kuweka mwezi Septemba, baridi ijayo itakukuta tayari.

Ukichagua lipa pole pole, uliza mambo manne na upewe majibu kwa maandishi: jumla yote ni ngapi, nikichelewa wiki moja inakuwaje, nikilipa mapema napunguziwa, na mashine ikiharibika kabla sijamaliza nani anagharamia.

Kisha siku ya kulipa, fuata haya:

1. Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba ya simu ya mtu. Muuzaji akisema "till ina shida leo, tuma kwa hii yangu", mwambie utarudi till ikipona.

2. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Lilingane na jina la duka kwenye risiti. Lisipolingana, simama hapo.

3. Kwa muuzaji wa mitandaoni usiyemjua, lipa mzigo ukifika na ukiiona ikiwaka. "Weka deposit kidogo nikushikie, kuna mtu mwingine anaitaka" ni maneno ya kukuharakisha. Draya nyingine zipo.

4. Ijaribu mbele ya dereva. Weka taulo lililoloa, iwashe dakika kumi, sikiliza pipa, hisi joto.

5. Hifadhi SMS ya malipo pamoja na risiti. Piga picha zote mbili. Ndizo ushahidi wako wa waranti na wa malalamiko.

6. Ukigundua umetuma pesa pasipofaa, wasiliana nasi papo hapo kwa namba rasmi iliyo kwenye programu yetu. Usipige namba uliyotumiwa na mtu kwa SMS. Kadiri unavyochelewa, ndivyo uwezekano wa kuzipata hizo pesa zikiwa bado hazijatolewa unavyopungua. Na mtu yeyote akikuomba PIN, hata akijitambulisha kama mfanyakazi wetu, kata simu.

Kwa ufupi

Kama mvua na baridi ni vya msimu na nyumba ni ndogo, anza na spina na kianikio. Kama unahitaji draya kwa miezi michache na una mahali pa kupitisha bomba, ya bomba inatosha. Kama huna pa kupitisha bomba na utaitumia mara chache, angalia kondensa. Kama utaitumia kila wiki mwaka mzima, pampu ya joto itakurudishia pesa zako polepole kupitia tokeni.

Fanya hesabu ukiwa umekaa chini na SMS zako za tokeni mbele yako, kabla hujafika dukani ambako kila kitu kinang'aa. Ukishajua namba zako, kuweka PIN hakutakupa wasiwasi. Una swali kuhusu akiba yenye lengo au malipo ya duka? Tuandikie kupitia programu, na tutakujibu.